Hivi kwa nini mabinti wanampenda Hades kuliko miungu wote wa Kigiriki?

#1 MwandishiWaUsiku
Wakuu, habari za jioni.

Mimi natunga simulizi, zile za WhatsApp. Msomaji analipa elfu moja kwa wiki, kila siku saa tatu usiku napandisha sehemu moja. Nimeandika za wachawi, za majini, za bosi na hausigeli, zote zimeliwa vizuri tu. Mwezi uliopita wasomaji wangu, wengi mabinti wa chuo, wakaanza kunisumbua niwaandikie "ile ya Kigiriki", ya Hades na Persephone. Nikakaa chini, nikasoma, nikatunga ya kwangu. Persephone wangu ana miaka 20, anasomea kilimo, mama yake Demeter, mungu wa mavuno, hampi pumzi. Siku moja anachuma maua, ardhi inapasuka, anatoka Hades, mungu wa kuzimu, na gari la farasi weusi, anamnyakua, wanazama kuzimu.

Nilichopanga: Apollo aje kumwokoa. Mzuri, anapiga kinubi, anatibu wagonjwa, anang'aa kama jua. Sehemu ya 5 Apollo alipoingia tu, kundi likachafuka. "Mtoe huyo." "Tunamtaka Hades." Mmoja kaniandikia saa nane usiku kwamba nikimpa binti kwa Apollo anajitoa na wenzake kumi na mbili.

Naomba kueleweshwa. Mtu kateka binti wa watu, anaishi na wafu, halafu ni baba yake mkubwa. Kinachopendwa hapo ni nini?

La pili ni la haraka. Kesho usiku ni sehemu ya 9, ya komamanga. Binti anakula punje akijua atabaki kuzimu, au analaghaiwa? Bado sijaamua.

#2 Kipanga Jr
Siti ya mbele. Ngoja waje wajuvi.

#3 BintiPwani
Jibu ni jepesi, kaka. Hades ana mke mmoja. Hesabu wenzake. Zeus, mkuu wa miungu, wanawake wake hawana idadi, akikutaka anajigeuza fahali, anajigeuza bata maji, mara mvua ya dhahabu. Poseidon wa bahari yuleyule. Huyo Apollo wako unayemsifia, Daphne alimkimbia mpaka akaona bora awe mti. Cassandra alimkataa, akampa laana: atabiri kweli na asiaminiwe na mtu. Binti gani mwenye akili atamtaka? Hades anatoka kazini anarudi nyumbani. Basi.

#4 Mzee wa Busati
#3 anatoka kazini anarudi nyumbani wapi? Kazini kwake ndiyo nyumbani kwake. Hata akitaka kuchepuka atachepuka na marehemu?

#5 mwalimu_mstaafu
BintiPwani, marekebisho kidogo. Hades naye anatajwa na Minthe, binti wa mtoni huko kuzimu. Ovid, mshairi wa Kirumi, anagusia kwamba Persephone alimgeuza kuwa mnanaa, na Strabo, mwanajiografia wa kale, anasema alimkanyaga akawa mmea, na kuna mlima karibu na Pylos unaoitwa kwa jina lake. Ndiyo huohuo mnanaa unaotia kwenye chai.

Ila nakubali kwamba ukimlinganisha na ndugu zake, huyu ni mtawa.

#6 BintiPwani
Mwalimu asante. Sasa mbona umenizidishia hoja? Mume kakosea mara moja, mke kamaliza mchezo kwa kisigino. Malkia huyo.

#7 Nyuki wa Tabora
Mapenzi gani, dada zangu. Jina lake lingine Plouton, na neno hilo linatokana na utajiri. Dhahabu, fedha, vito, vyote viko chini ya ardhi, yaani kwake. Mabinti wanapenda bosi mwenye mgodi, mnazunguka tu.

#8 Kipanga Jr
Nyuki kaja na mambo ya Geita 😂

#9 mwalimu_mstaafu
#7 jina ni kweli, sababu si hiyo peke yake. Wagiriki waliogopa kulitamka jina la Hades, wakamwita kwa sifa. Bibi yangu usiku hakuruhusu mtu kutaja nyoka, tuliambiwa tuseme "kamba". Ni mambo hayohayo. Na utajiri wenyewe hawakumaanisha dhahabu kwanza, walimaanisha nafaka inayotoka ardhini.

#10 Sharifa_wa_Kibokoni
Mnazunguka mbali. Huyo ni jini mahaba. Mwanamume mzuri kupita kiasi, anakuja kutoka usikokujua, anakuchagua wewe peke yako, hataki mwingine akuguse, na ukitoka kwake unakonda. Sisi Mombasa tunazo hizi tangu zamani, nyinyi mnaziagiza Ugiriki kwa meli.

#11 MwandishiWaUsiku
#10 dada umenichekesha lakini umenigusa. Ile simulizi yangu ya jini mahaba ndiyo iliyoniuzia kuliko zote.

#12 Mchaga Asilia
Nisiwaharibie raha, ila mimi hii hadithi hainichekeshi. Bibi yangu mzaa mama aliolewa hivyohivyo. Alikwenda kukata majani ya ng'ombe asubuhi, wakatokea vijana wanne, wakambeba juujuu. Alipiga kelele, watu wakachungulia na kurudi ndani, kwa sababu baba yake alishakubaliana na upande wa pili. Yeye peke yake ndiye hakuwa na habari. Alizaa watoto saba na babu, akampenda, au alituambia alimpenda. Lakini mpaka anakufa, mundu wake wa kukatia majani uliobaki shambani siku ile alikuwa anaulizia ulikoishia.

Kwa hiyo mwandishi, ukiandika kuhusu kunyakuliwa, andika na zile kelele.

#13 Kipanga Jr
Daah. Pole mkuu.

#14 mwalimu_mstaafu
#12 umeitaja hadithi yenyewe ilivyo bila kujua. Maandishi kamili ya zamani zaidi tuliyonayo juu ya kisa hiki ni utenzi wa kumsifu Demeter, ule unaohesabiwa katika tenzi za Homer, una zaidi ya miaka 2,500. Mstari wa tatu tu unasema Zeus ndiye aliyemtoa. Baba kakubali, mama hajaambiwa, binti hajaulizwa. Anapiga kelele, hakuna wa kumjibu. Hecate, mungu wa kike wa uchawi, anasikia sauti akiwa pangoni; Helios, mungu wa jua, anaona akiwa juu. Na Helios anapobanwa na Demeter anamwambia punguza kilio, mkwe huyu si mbaya, ni ndugu yako na ana cheo.

#15 Mchaga Asilia
"Mkwe si mbaya." Maneno yaleyale, kila kijiji.

#16 Wakili Mtoro
Nadandia hapo. Sheria yetu ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya mzazi. Mahakama Kuu mwaka 2016 ikasema vifungu vile vinakiuka Katiba, Serikali ikakata rufaa, Mahakama ya Rufani ikaitupa mwaka 2019. Yaani kesi ya Persephone tumeisikiliza juzi tu hapa Dar es Salaam. Na huko Athens ya kale binti wa miaka 14 au 15 kuozwa na baba lilikuwa jambo la kawaida, mume akiwa na kama thelathini. Mwandishi umefanya vyema kumpa wa kwako miaka 20.

#17 Nyuki wa Tabora
Wakili, huyo Hades angefungwa mingapi?

#18 Wakili Mtoro
Kwanza umkamate. Ana kofia ya kumfanya asionekane.

#19 Mzee wa Busati
Samahani, mimi nimekwama kwenye #1. Mwandishi kasema baba mkubwa. Hades ni kaka yake Demeter, si ndiyo? Kaka wa mama ni mjomba.

#20 MwandishiWaUsiku
Ni kaka wa Zeus pia, na Zeus ndiye baba. Baba mkubwa.

#21 Mzee wa Busati
Subiri. Zeus na Demeter nao…?

#22 mwalimu_mstaafu
Ndugu wa tumbo moja. Wote watoto wa Kronos na Rhea.

#23 Mzee wa Busati
Astaghfirullah. Nafunga simu kwa muda.

#24 Kipanga Jr
Kwa hiyo mahari anapokea nani? 😂😂

#25 Da_Zuhura
Nyote mmemsahau mama. Mimi nina binti wa miaka 19, anasoma hizi hadithi mpaka alfajiri. Nikasoma moja kwa siri nijue kinachomkosesha usingizi. Nilichokikuta: kila mahali mama ndiye mbaya. Demeter anamfungia mtoto, anamchagulia nguo, anamfukuzia marafiki. Halafu anakuja mwanamume wa kuzimu na kumwambia "chagua unachotaka". Binti hampendi Hades kwa sababu ya Hades. Anapenda mlango.

Iliniuma. Demeter yule wa mwalimu alizunguka siku tisa na mienge mikononi, hali, hanywi, haogi, anamtafuta mwanawe. Akazuia mbegu zisiote mpaka miungu wakakosa sadaka. Leo ndiye kawa mama mkorofi.

#26 BintiPwani
Da Zuhura shikamoo. Ila mama, na nyinyi mnabana 🙈

#27 Da_Zuhura
Marahaba. Tunabana kwa sababu tunajua mapango yalipo.

#28 fundi_maneno
Nije na njia nyingine. Mapenzi ya aina hii, ya binti na mume wa kutisha ambaye kumbe ni mwema, hayakuanzia kwa Hades. Yalianzia kwa Psyche, na aliyeyaandika ni Mwafrika. Apuleius alizaliwa Madauros, Algeria ya leo, karne ya 2. Psyche anapelekwa mlimani aolewe na dude. Anajikuta katika jumba, sahani zinakuja zenyewe, mume anakuja usiku tu na amekataza asimwone. Dada zake wanamjaza maneno kwamba analala na nyoka. Anawasha taa amchungulie, anakuta ni Eros, mungu wa mapenzi, kijana mzuri hakuna mfano. Tone la mafuta ya moto linamdondokea bega la kulia, anaamka, anaruka, anamwacha.

Jumba la ajabu, siri, madada wenye wivu, kuachwa, kuhangaika mpaka kumrudisha. Mwandishi, hiyo ndiyo ramani ya kila simulizi unayouza. Hao wa Hades wamebadilisha jina la mume tu.

#29 Sharifa_wa_Kibokoni
#28 mume haonekani, anakuja usiku, ana mbawa. Nilisema nini? Jini mahaba.

#30 fundi_maneno
Nimenyoosha mikono.

#31 Mganda_Jirani
Salamu kutoka Masaka. Kwetu Nambi, binti wa Ggulu wa mbinguni, alimpenda Kintu akashuka naye duniani. Baba akawaonya: msirudi nyuma. Ulezi wa kuku ukawa umesahauliwa, ukarudiwa, na Walumbe, kaka yake Nambi, akawafuata. Walumbe ndiye kifo. Angalieni: bibi harusi, safari kati ya dunia mbili, punje za chakula, na kifo anaingia kwenye familia. Sisemi mmoja kamwibia mwenziwe. Kwetu tu ni kinyume, binti ndiye aliyechagua mume, na kifo ni shemeji.

#32 Kipanga Jr
Kifo ni shemeji. Naiandika ukutani hii.

#33 Muscat_Mpemba
Assalaam aleikum. Nimesoma yote, hakuna aliyegusa komamanga lenyewe. Hapa Oman kuna ya Jabal Akhdar, yana sifa kubwa, nimenunua mawili jana. Kila hadithi ya kwenye simu inasema Persephone alikula punje sita. Sasa nimelikata moja mezani. Jamani, nani anakula punje sita? Ukilipasua tu limekurukia usoni. Unang'oa kipande, punje ishirini ziko mdomoni kabla hujajua. Nimeanza kuhesabu zilizomo, nimefika 211 na sijamaliza nusu.

#34 mwalimu_mstaafu
Sita si za kale, Mpemba. Katika utenzi wa Demeter ni punje moja tu, na kwa hiyo moja anakaa chini theluthi ya mwaka. Ovid katika kitabu kimoja anataja saba, katika kingine tatu, na mwaka anaugawa nusu kwa nusu. Sita nadhani ni watu wa baadaye waliougawa mwaka sawasawa ili hesabu ya miezi ikae.

Na mwandishi, swali lako la pili lina kitu kizuri ndani yake. Katika utenzi uleule msimulizi anasema Hades alimpa punje kisirisiri, anaangaza huku na huku. Baadaye binti akimsimulia mama yake anasema alimlazimisha kwa nguvu. Matoleo mawili ya tukio moja, katika shairi moja.

#35 BintiPwani
Weeee! Kwa hiyo alimdanganya mama! Alikula mwenyewe, alipofika nyumbani akasema "alinilazimisha". Nani hapa hajawahi kumwambia mama "walinilazimisha kwenda"?

#36 Mchaga Asilia
Au msimulizi ndiye anayempunguzia Hades makosa, na mwenye kusema kweli ni yeye aliyekuwepo.

#37 Wakili Mtoro
Mahakamani ushahidi wa aliyetendewa una uzito kuliko wa msimulizi ambaye hakuwepo.

#38 Nyuki wa Tabora
Msimulizi anaongozwa na mungu wa mashairi, Wakili. Alikuwepo kila mahali.

#39 Da_Zuhura
Nauliza kitu kimoja. Kwa nini mama anamuuliza swali hilo mara tu anapomkumbatia? Hajamuuliza umepigwa, umeumwa. Anauliza: hukula chochote huko? Mimi hapo ndipo nililia.

#40 Sharifa_wa_Kibokoni
Kwa sababu anajua. Mama yangu, nikiota nimekula, asubuhi ananiamsha kwa maswali: ulikula nini, nani kakupa, ulikataa? Chakula cha upande ule hakiliwi.

#41 Mkulima_Kongwa
Mimi si msomaji wa mapenzi, nimepita tu. Mwalimu kasema utajiri ni nafaka. Huko Ugiriki mvua zao ni za miezi gani?

#42 mwalimu_mstaafu
Za baridi. Wanapanda kuanzia Oktoba mvua zikianza, wanavuna Mei kuelekea Juni, halafu kiangazi kikali, ardhi inakauka.

#43 Mkulima_Kongwa
Basi binti haendi kuzimu wakati wa baridi. Wakati wa baridi shamba lao ni kijani. Anakwenda kiangazi, shamba likiwa kavu, mbegu ikiwa imefichwa ghalani. Zamani wazee wetu wengine walichimba shimo, wakalisiliba, wakaweka nafaka, wakafunika. Mbegu iko chini, mama ardhi yuko juu hana kitu. Mvua ya kwanza mnaitoa. Kwangu hiyo hadithi ni ghala.

#44 mwalimu_mstaafu
Mkulima, umenivua kofia. Martin Nilsson wa Sweden, bingwa wa dini ya Wagiriki, alitoa hoja hiyohiyo karne iliyopita. Wengi hawakumkubali, kwa sababu utenzi wenyewe unasema anarudi maua ya majira ya kuchipua yanapofunguka. Ubishi ungalipo.

#45 Mkulima_Kongwa
Waje Kongwa mwezi wa kumi, wataona.

#46 Kungwi_Mstaarabu
Wenye uzi hodi. Mnalijua jina la kwanza la Persephone? Kore, maana yake binti. Mimi ningetafsiri mwali. Mwali anatolewa kwa mama, anaingizwa ndani pasipo jua, anapewa chakula maalumu, anatoka ana jina jipya na ni mke wa mtu. Huyo Hecate aliyesikia kelele, utenzi unasema tangu siku aliyorudi akawa naye daima, mbele yake na nyuma yake. Kwangu mimi huyo ni somo yake, kungwi wake. Na kusini mwa Italia, Locri, kulikuwa na hekalu la Persephone ambako yamechimbuliwa mabamba mengi ya udongo yenye picha zake: hapa ananyakuliwa, pale amekaa kwenye kiti cha enzi na mume. Wataalamu wengi wanayahusisha na wasichana wanaokaribia kuolewa. Kwa hiyo mabinti kumwendea Persephone kwa habari za ndoa si jambo la juzi na WhatsApp.

#47 BintiPwani
Somo! Hecate ni somo! Mwandishi muweke Hecate sehemu ya 9, nakuomba.

#48 Kipanga Jr
Mnaosema Wagiriki wako mbali, mabaharia wao walishatuandika pwani hii karne ya 1, wakautaja mji wa biashara wa Rhapta na mitumbwi ya kushonwa. Labda waliondoka na hadithi.

#49 fundi_maneno
Utenzi wa Demeter ulikuwa na umri wa mamia ya miaka wakati huo, dogo. Labda waliacha hadithi.

#50 Sharifa_wa_Kibokoni
Wakaondoka na jini.

#51 Nyuki wa Tabora
Hakuna aliyenijibu kuhusu mgodi.

#52 Mzee wa Busati
Nimerudi. Jambo moja kumtetea Hades. Ndugu watatu walipiga kura ya urithi: Zeus mbingu, Poseidon bahari, huyu giza. Na kwa Hesiod, mshairi wao wa kale, Zeus ndiye kitinda mimba. Kaka mkubwa kapewa kiwanja cha makaburini na hakwenda mahakamani, kakaa kaendesha. Watoto wa kike wanapenda mtu aliyedhulumiwa akanyamaza. Mimi mwenyewe nilipata mke hivyo.

#53 Da_Zuhura
#52 tutamuuliza mkeo.

#54 MwandishiWaUsiku
Wakuu asanteni, nimejaza daftari. Nimepandisha sehemu ya 9 sasa hivi. Hecate yumo. Kelele nimeziongeza kwenye sehemu ya 1, nimeiandika upya yote, mkuu #12. Na shambani kabaki na kisu chake cha kuchumia maua, kuzimu anakiulizia.

#55 BintiPwani
Kala au kalishwa?

#56 MwandishiWaUsiku
Ameishika punje mkononi, juisi inamtiririkia kiganjani, nyuma yake mlango uko wazi na anasikia sauti ya mama yake. Taa ikazima. ITAENDELEA.

#57 BintiPwani
Nirudishie elfu yangu.

#58 Kipanga Jr
😂😂😂😂

#59 Mchaga Asilia
Nimelipia wiki. Nitumie namba ya kundi pembeni.

#60 Muscat_Mpemba
Nimemaliza lile la kwanza. Punje 487, ukiacha nilizokula. Kitambaa cha meza cha mama hakitakati tena, nimekiloweka kwa ndimu na chumvi tangu saa kumi. Kuna mwenye dawa?